Kamera Namba Sita

Duka la laini za simu lilikuwa limefurika siku ile utadhani simu zinagawiwa bure. Foleni ilianzia kaunta ikatoka hadi kibarazani, watu wakijipepea kwa bahasha, wengine wakisukumana kwa viwiko huku wamejikausha kama si wao. Katikati ya foleni alisimama dada mmoja mrefu, suruali ya bluu iliyopigwa pasi ikakaa, fulana nyeupe ya shule ya udereva, nywele kazisuka kurudi nyuma. Riziki yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari. Lakini kazi aliyoipenda kwa moyo wote ilikuwa ile ya mwisho wa wiki: kukimbia na kibendera pembeni mwa uwanja wa mpira. Waamuzi wenzake walimwita Jicho, maana mshambuliaji aliyeotea mbele yake hakuwahi kupona.

Basi si akatokea kijana mmoja, shati la rangi ya udongo, mkoba mweusi begani, akapenya kwenye kauwazi kadogo mbele ya Jicho na kutulia tuli kama vile kazaliwa pale!

"Kaka," Jicho akasema, "umeotea."

Kijana akageuka. "Nimefanya nini?"

"Umeotea. Mpira haujapigwa, wewe tayari umeshampita beki wa mwisho. Rudi nyuma."

Watu wakaangua kicheko. Kijana akaweka mkono kifuani. "Dada yangu, mimi nilikuwa hapa hapa. Nilitoka kwenda kutoa kopi ya kitambulisho tu. Muulize huyu mzee."

Mzee aliyetajwa akainua macho akaanza kuchunguza dari.

"Shahidi wako kakuruka," Jicho akasema.

"Basi tuitishe picha!" Kijana akaonyesha kamera ya ulinzi iliyoning'inia juu ya mlango. Halafu akaitazama vizuri, uso ukamshuka. "Aa. Ile haijaunganishwa na kitu. Waya wake umeishia ukutani. Wameiweka kutishia wezi."

"Umejuaje?"

"Kamera ndiyo kazi yangu."

"Pole sana, fundi. Kama hakuna picha, uamuzi wa uwanjani unabaki. Nyuma."

Akarudi nyuma kweli, ila alirudi nyuma ya Jicho, si mwisho wa foleni, na hakuna aliyelalamika kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kuufurahia mchezo ule. Walipofika kaunta kijana alikuwa ameshajua Jicho anafundisha udereva wapi, na ameshapewa namba ya simu. Jicho alijiambia ameitoa kwa heshima tu. Usoni alikuwa na tabasamu ambalo halikuwa la heshima hata kidogo.

Wiki iliyofuata waamuzi wa ligi waliitwa uwanjani kuelezwa habari za VAR. Msimu ule ligi ilikuwa inaanza kutumia video: kamera kila pembe, chumba cha skrini chini ya jukwaa, na mwamuzi mstaafu ndani ya chumba hicho wa kumnong'oneza mwamuzi wa kati pale anapokosea. Mlango ukafunguliwa, fundi wa mitambo akaingia kutambulishwa. Shati la rangi ya udongo, mkoba mweusi begani.

"Ee Mungu wangu," Jicho akasema kimoyomoyo.

"Safari hii," fundi akamnong'oneza alipokuwa akipita, "waya zote zimeunganishwa."

Sasa, Jicho hakuutaka mtambo ule, na hakuficha. Kilichomkera zaidi ni agizo jipya la washika vibendera: ukimwona mtu ameotea, usinyanyue kibendera hapo hapo, subiri shambulio liishe, huenda video ikasema vingine. "Miaka yote nimejifunza kuwa wa kwanza kuona," alilalamika, "leo naambiwa niwe wa mwisho kusema." Tena ulikuwa ndio msimu wake. Mwisho wa ligi kamati ingechagua mshika kibendera mmoja wa kupelekewa jina apate beji ya kimataifa, na kila mtu alijua jina la juu ni lake. Aliitaka beji ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Lakini mapenzi hayaulizi msimamo wa mtu kuhusu video. Fundi hakujua kuendesha gari. Akajiandikisha shule ya udereva, akasisitiza afundishwe na mwalimu yule yule mrefu, na huko ndiko walikobishania mpira mpaka wakapitiliza kona.

"Mnaua furaha," Jicho alisema siku moja, jicho moja barabarani na jingine kwenye mikono ya mwanafunzi wake. "Mtu kafunga, uwanja umelipuka, halafu wote wanakaa kimya wanasubiri chumba kiseme. Punguza mwendo."

"Na aliyefungwa bao la uongo yeye furaha yake iko wapi?"

"Punguza mwendo nimesema."

"Napunguza, mpenzi." Neno lilimtoka tu. Fundi akakohoa. "Halafu wewe ndiye wa ajabu. Chini ya mguu wako hapo una breki ya pili. Dereva ni mimi, lakini nikikosea unakanyaga. Mbona huoni kama ni dharau kwangu?"

"Mimi nakanyaga gari likiwa linakwenda kugonga. Ninyi mnamkanyagia mtu aliyeegesha vizuri, mnaanza kumpima kama ukucha wa mguu umevuka mstari!"

"Ukucha ukivuka, umevuka."

"Ukucha haufungi bao!"

Fundi alicheka hadi gari likazimika katikati ya barabara. Nyuma watu wakapiga honi. Jicho alitaka kukasirika akashindwa, naye akacheka, na hapo ndipo alipojua kwamba huyu mtu amempenda, tena sana, na hana la kufanya.

Simu zikaanza. Umeamka? Umekula? Umefika? Leo umemfundisha nani, alikuwa mzuri kuliko mimi? "Kila mtu ni mzuri kuliko wewe," Jicho alimjibu, "jana uligonga pipa." Walijificha kidogo, si kwa aibu, ila kazini maneno hayachelewi. Shangazi yake Jicho, ambaye walikaa nyumba moja, ndiye peke yake aliyejua.

Siku moja kabla ya mechi, uwanja ukiwa mtupu, fundi alimzungusha kumwonyesha kamera zake moja moja. Walipofika upande wa Jicho, akasimama kwenye nguzo fupi, sambamba na mstari wa kumi na nane wa eneo la penalti.

"Hii ni namba sita. Naiendesha mwenyewe kutoka chumbani. Unaona hiki kitaa chekundu? Nikiichagua, kinawaka. Kesho ukiwa unapasha misuli, nitakiwasha na kukizima mara mbili. Ujue nakusalimia."

"Mambo ya kitoto hayo."

"Haya, nisikusalimie?"

"Sijasema usinisalimie."

Toka hapo haikupita mechi bila salamu. Jicho angekimbia kurudi, kukimbia kwenda, anajinyoosha, anajifanya hana habari, macho yakiwa yanaivizia namba sita. Taa ikipepesa mara mbili, moyo unatulia, anaanza kazi.

Mechi iliyoharibu mambo ilikuwa karibu na mwisho wa ligi. Jua lilikuwa la kiasi, majukwaa yamejaa, mchezo wenyewe umepooza. Mpira ulikuwa unapigwa katikati ya uwanja kwenda kushoto, kulia, bila mpango. Ghafla kiungo mmoja akapiga pasi ndefu ya juu. Jicho akamwona mshambuliaji amempita beki, kifua kizima kiko mbele. Alimwona, tena vizuri. Akasubiri kama alivyoagizwa. Mshambuliaji akatuliza, akamzunguka kipa, bao. Hapo Jicho akanyanyua kibendera juu, mkono umenyooka, uso mkavu.

Uwanja ukazizima. Mwamuzi wa kati akaweka kidole sikioni. Akasikiliza, akasikiliza tena, kisha akachora mraba hewani, ishara ya video, na kuonyesha katikati ya uwanja. Bao halali.

"Mnunulieni miwani!" mtu akapiga kelele kutoka jukwaani, na jukwaa zima likaipokea ikawa wimbo. Jicho alikimbia na mstari wake hadi filimbi ya mwisho huku wimbo ule ukimfuata nyuma. Hakulia. Alisubiri afike bafuni kwake.

Jioni simu ikaita. Fundi.

"Umefika salama?"

"Mtambo wako umekosea."

"Haukukosea."

"Nimemwona kwa macho yangu. Kifua kizima."

"Mpira ulipopigwa hakuwa ameotea."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, mpenzi. Lakini kuna..." Akasita. Jicho alimsikia anavuta pumzi, na baada ya pumzi hiyo hakikufuata kitu.

"Kuna nini?"

"Basi, tutaongea."

"Hatuongei. Kalale salama wewe na mtambo wako." Akakata.

Shangazi alikuwa ameketi sebuleni, kanga mabegani, bado ana hasira kwa niaba ya timu yake iliyofungwa. "Mimi nimetazama kwa televisheni hii hii," akasema. "Mtu yule alikuwa ameotea mpaka kivuli chake. Usikubali, mwanangu. Wafungue picha zote, kila kamera, tuone!"

Jicho akafanya hivyo hivyo. Alipeleka malalamiko kwa kamati, akaomba picha za kamera zote zifunguliwe mbele yake. Kwa muda wote huo simu ya fundi iliita, ikaita, na yeye aliitazama ikiita. Kilichomuuma hakikuwa bao. Kilimuuma kwamba uwanja mzima ulipomcheka, mtu aliyechora ule mstari wa kuotea kwenye skrini alikuwa mtu wake, na hata neno la kumpoza hakuwa nalo.

Siku moja kabla ya kikao cha kamati, asubuhi, akamkuta fundi amesimama kando ya gari la mafunzo. Amekonda kidogo, ndevu hazijanyolewa.

"Leo huna somo," Jicho akasema.

"Najua. Njoo uone kitu kabla ya kesho. Ukishaona, ukitaka nisikupigie tena simu, sipigi."

Chumba cha video kilikuwa baridi, kinanuka zulia jipya na waya zilizopata moto. Fundi akamvutia kiti, akawasha skrini moja tu. Namba sita. Mbali kule kiungo ana mpira. Pembeni mwa picha, karibu, amesimama Jicho mwenyewe na kibendera chake. Fundi akaisogeza picha taratibu, kidogo kidogo. Mguu wa kiungo ukarudi nyuma. Ukashuka. Ukagusa mpira. Hapo akasimamisha.

Jicho hakuwa anatazama mpira. Hakuwa anatazama mshambuliaji wala beki. Uso wote ulikuwa umegeukia kamera, na midomoni ana tabasamu. Tabasamu lile lile la duka la laini za simu.

Fundi akasogeza tena. Mpira ukapaa. Baada ya muda mfupi uso wa Jicho ukarudi uwanjani, na alichokiona ni mshambuliaji ambaye tayari ameshaanza mbio.

"Hapana," Jicho akasema. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Jicho zima la ligi, jamani, na wakati wenyewe halikuwepo kazini! Angeapa mahakamani kwamba alimwona mtu yule ameotea. Alijisikia kama mtu aliyeishi na ndugu miaka mingi leo ndiyo anaambiwa si ndugu yake.

"Kwa nini niligeuka?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwa sababu niliwasha taa."

"Katikati ya mechi?"

"Mchezo ulikuwa umepooza. Nikakuona umesimama pale, jua limekupiga ubavuni, nikakukumbuka wakati nakuona. Nikabonyeza. Mara mbili. Sikufikiri." Fundi alikuwa anatazama mikono yake. "Siku ile kwenye simu nilitaka kukwambia. Nikaogopa. Si kazi niliyoiogopea, niliogopa utaniona mimi ndiye niliyekuharibia."

"Na ni wewe uliyeniharibia!"

"Ni mimi."

"Na macho ni yangu," Jicho akasema, hasira ikimgeukia mwenyewe. "Hakuna aliyenishika shingo."

Mashine zikanguruma polepole. Fundi akasema, "Futa malalamiko. Siku ile tulitazama mstari tu, hakuna aliyekutazama wewe. Ukifuta, namba sita hawaifungui. Beji yako inabaki."

"Na wewe, uliyebishana nami gari zima kwamba ukucha ukivuka umevuka, utaishi vipi na hilo?"

Jicho akainuka, akaenda zake bila kuaga. Nyumbani shangazi alimuuliza kesho avae nini, akasema chochote, akaingia chumbani akakaa kitandani na viatu vyake. Hasira ilikuwa imeisha. Iliyobaki ni beji, na ile sura iliyokuwa inatabasamu kwenye skrini. Alijiuliza mara ngapi maishani amewahi kuwa na furaha namna ile, akashindwa kukumbuka.

Kikao kilikaa ofisi za ligi, chumba chenye meza ndefu, feni la dari na chupa za maji zilizopangwa kwa adabu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene, mwamuzi wa zamani, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Fundi aliketi nyuma karibu na mtambo wa kuonyeshea picha, shati jipya, kama anakwenda kuposa au kufungwa.

"Haya, mwanangu," mwenyekiti akasema. "Unadai video ilikosea."

"Nilidai. Sidai tena, mama. Video ilikuwa sahihi. Lakini naomba namba sita ifunguliwe hivyo hivyo."

Fundi akamtazama. Jicho akamwonyesha kwa kidevu: fungua. Akafungua.

Wajumbe waliangalia. Mmoja akasogeza kiti mbele.

"Ulikuwa unatazama nini?" mwenyekiti akauliza.

"Taa ya kamera."

"Nani aliiwasha?"

"Mimi," fundi akasema akisimama.

"Kwa ajili ya?"

"Nilikuwa namsalimia."

Mjumbe mmoja akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akamkata jicho, kisha akageuka akawatazama wale wawili kwa zamu, bila haraka.

"Nisikilizeni vizuri. Mwamuzi kupotelewa na macho mara moja, hilo lipo, namwonya anaendelea, na jina lake kwenye beji siligusi. Fundi kuchezea taa, nampa karipio, yameisha. Lakini kama watu wawili wana uhusiano, wanafanya mechi moja, na hawakututangazia, hapo ni habari nyingine kabisa. Fundi anatoka chumba cha video, na jina la mwamuzi haliendi popote mwaka huu. Mwakani sijui." Akashusha sauti. "Mfanyakazi anaweza kumsalimia mfanyakazi mwenzake, sivyo? Fikirini kabla ya kunijibu. Ninyi ni nani kwa nani?"

Mlango wa kuponea ulikuwa wazi kabisa, na kila mtu mezani aliuona.

Fundi akawahi. "Hakuna kitu, mama. Ni mfanyakazi mwenzangu tu."

Alisema akiwa amekaza shingo, macho ukutani, jasho linamtoka. Jicho alielewa papo hapo anachofanya. Alikuwa anampa beji. Mtu aliyesema ukucha ukivuka umevuka anasema uongo mbele ya kamati nzima, tena uongo mbaya, usio na hata ufundi, ili yeye asafiri na kibendera chake duniani. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Angeitikia kwa kichwa tu.

"Na wewe ndivyo unavyosema?" mwenyekiti akamuuliza.

Jicho akamtazama fundi moja kwa moja, akamtazama vizuri.

"Anadanganya, mama," akasema. "Huyu ni mchumba wangu."

Feni likazunguka. Fundi alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Mchumba," mwenyekiti akarudia. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Kama yeye atakubali."

"Kijana, umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa mbona umesimama kama nguzo? Kamati inasubiri."

"Nakubali," fundi akasema. "Nakubali, mama. Ningekubali hata asingeuliza."

Mwenyekiti akashusha miwani machoni. Akavuta karatasi ya majina ya beji, akapiga mstari kwenye jina la juu, taratibu, kwa mkono usiopenda kazi hiyo. Jicho aliutazama mstari ule tangu ulipoanza mpaka ulipoishia. Ulimuuma. Machozi yakamtoka mbele ya wajumbe wote, akayaacha yatoke, na fundi akaja kutoka nyuma akaketi kando yake akamshika mkono, na hakuna aliyemwambia arudi mahali pake.

"Miezi mitatu nje ya uwanja, wote wawili," mwenyekiti akasema akiandika. Kisha, bila kuinua kichwa: "Harusi ikiandaliwa na watu wenye akili, muda huo unatosha."